Hofu Zilizoandika Fomu

Mtu anayeomba viza ya kuhamia Marekani leo hujaza fomu ya DS-260 kwenye kompyuta, na kabla hajafika mwisho atakuwa ameulizwa kama anakwenda kule kufanya ujasusi, kama amewahi kushiriki mauaji ya kimbari, kama amewahi kutumia askari watoto, kama ni mraibu wa dawa za kulevya, kama anakusudia kuishi katika ndoa ya mitala, na kuhusu uanachama wake katika chama cha kikomunisti au cha kiimla. Ataulizwa pia kabila lake, na anwani za kila mahali alipoishi tangu atimize miaka 16. Watu huyacheka maswali haya, na hawana kosa: gaidi gani atajibu ndiyo? Lakini kicheko hicho kinachukulia kwamba swali huulizwa ili kupata habari. Historia ya fomu hii inaonyesha jambo jingine. Karibu kila swali liliingia likiwa limebeba hofu ya wakati fulani, likabaki baada ya hofu yenyewe kupoa, na kazi yake ikahama polepole: zamani lilichuja watu mlangoni, sasa linatengeneza kiapo kinachoweza kufukuliwa baada ya miaka 20 au 30. Utata wake unatoka hapo hapo. Maneno yake ni ya sheria, huku fasili na misamaha ya sheria hiyo vikiwa vimeachwa nje ya fomu.

Mwanzoni msafiri hakuulizwa kitu. Sheria ya mwaka 1819 ilimtaka nahodha akabidhi forodhani orodha ya abiria wake: jina, umri, jinsia, kazi, nchi walikotoka na nchi walikokusudia kukaa. Katika orodha ile hapakuwa na jibu lililoweza kumrudisha mtu alikotoka. Mambo yalibadilika mwaka 1882. Mwezi Mei Bunge la Marekani liliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Mwezi Agosti likamtoza kila mgeni aliyeingia kwa meli senti 50, na kuwakataza wahalifu waliohukumiwa, wendawazimu na yeyote ambaye angekuwa mzigo kwa umma. Mwaka 1885, kwa msukumo wa vyama vya wafanyakazi vilivyowaona matajiri wakileta watu wa ujira mdogo kutoka Ulaya, ikapita sheria ya kumkataza mgeni aliyekwisha kuahidiwa kazi kwa mkataba. Mwaka 1891 wakaongezwa wenye maradhi ya kuambukiza na wenye wake wengi. Orodha ya nahodha haikutosha tena, na sheria ya mwaka 1893 ikaigeuza kuwa dodoso. Abiria walipangwa kwenye karatasi, wasiozidi 30 kwa kila moja, na kwa kila mmoja ikabidi ijulikane kama anajua kusoma na kuandika, nani amemlipia nauli, kama ana zaidi ya dola 30, kama anamfuata ndugu na ndugu huyo anakaa wapi, kama amewahi kufungwa au kulelewa kwa sadaka, kama ana wake wengi, kama ana mkataba wa kazi, na kama ni mzima wa akili na viungo. Aliyeapa kwamba majibu ni ya kweli alikuwa nahodha, mbele ya konseli wa Marekani katika bandari ya kuondokea. Abiria hakuapa.

Chukua swali la kazi peke yake. Mtu ameshuka Ellis Island, kituo kilichofunguliwa New York tarehe 1 Januari 1892, naye anaulizwa kama kuna kazi inayomngoja. Akisema ipo, anaangukia sheria ya 1885 na kurudishwa. Akisema hana, na mfukoni hana kitu, anaangukia sheria ya 1882, kwa kuwa huenda akawa mzigo kwa umma. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mkalimani kituoni hapo kati ya 1907 na 1910, na katika kumbukumbu zake aliushangaa mkanganyiko huu: sheria moja inamfukuza asiye na kazi, nyingine inamfukuza aliye nayo. Jibu lililopita lilikuwa la katikati, kwamba nina nguvu, nina ufundi, kazi nitaitafuta. Waliolijua ni wale waliofundishwa na ndugu waliotangulia au na mawakala wa meli. Mkulima aliyejibu kwa unyofu kwamba mjomba amekwisha kumtafutia nafasi machimboni alijitia kitanzi mwenyewe. Jibu hilo hilo leo limegeuka kuwa dawa: anayeomba viza kwa njia ya ajira hutakiwa aoneshe mwajiri anayemngoja, na anayemfuata ndugu huambatishiwa hati ya kiapo ya mdhamini, iliyopewa nguvu ya kisheria na sheria ya mwaka 1996. Swali la mzigo kwa umma limebaki. Lile la mkataba limepinduka kichwa chini. Kwa miaka hiyo yote aliyeulizwa hakupewa sababu ya kuulizwa.

Swali la mitala lina historia ya ajabu zaidi, na linawahusu wasomaji wa pwani yetu kuliko mengine. Walioliingiza mwaka 1891 hawakuwa wakiwafikiria Waislamu. Walikuwa wakigombana na Wamormoni wa Utah, ambao kanisa lao lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890 baada ya kubanwa na serikali kwa miongo mitatu, na ambao walikuwa wakipokea waumini wapya kutoka Uingereza na nchi za Skandinavia. Sheria ya kwanza iliuliza hali: je, una wake wengi? Ile ya mwaka 1907 ikaingia moyoni mwa mtu: je, unaamini katika ndoa ya wake wengi? Hapo Mwislamu mwenye mke mmoja, hata asiye na mke kabisa, akawa na tatizo, maana angeikana vipi ruhusa iliyomo katika dini yake? Sheria ya mwaka 1952 iliwataja wanaoitenda au kuitetea. Ile ya mwaka 1990 ikabaki na nia peke yake: je, unakuja kuishi hivyo Marekani? Kwa hiyo swali moja limekwisha kuuliza hali, imani, utetezi na nia, na kila mabadiliko yalibadilisha jibu sahihi la mtu yule yule.

Sasa mtazame Mtanzania anayelisoma leo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 10, inaihesabu ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwanamume mwenye mke mmoja, asiye na mpango wa kuongeza wa pili, anaweza kuwa ameshika cheti kinachosema ndoa yake ni ya aina hiyo. Fomu inamuuliza kama anakwenda kuishi katika mitala. Jibu lake la haki ni hapana, kwa kuwa swali linahusu nia na vitendo vyake atakapokuwa kule. Ila mbele ya afisa kuna cheti kinachoonekana kusema vingine, na mwombaji mwenye hofu ya Mungu, akiona atakuwa amekadhibisha karatasi ya serikali yake, hushawishika kujibu ndiyo. Hapo mkweli ndiye aliye hatarini. Mwenye wake wawili aliyekusudia kusema uongo hasumbuki hata kidogo.

Hofu ya mwaka 1901 ilikuwa ya risasi. Rais William McKinley alipigwa risasi Buffalo mwezi Septemba na Leon Czolgosz, aliyejiita anakisti, yaani mpinzani wa kila serikali. Czolgosz alizaliwa Michigan, na hakuna swali la uhamiaji ambalo lingemzuia. Hata hivyo sheria ya mwaka 1903 iliweka swali la uanakisti kwa kila mgeni. Aliyekuwa wa kwanza kunaswa vizuri ni John Turner, Mwingereza wa vyama vya wafanyakazi, ambaye hakuwa amemdhuru mtu. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1904 kwamba aondolewe kwa ajili ya fikra zake. Waliozuiwa kwa swali hilo katika miaka iliyofuata walikuwa wachache mno. Anayekusudia kuua rais hatangazi forodhani.

Kama swali halizuii, kwa nini liliachwa? Jibu linaanza kuonekana mwaka 1924. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa imeanza kudai viza kama hatua ya vita, mwaka 1917. Sheria ya 1924 iliifanya viza ya uhamiaji kuwa utaratibu wa kudumu, ikaweka mgawo kwa kila nchi (Ujerumani watu 51,227 kwa mwaka, Tanganyika 100, Ruanda na Urundi 100, Muscat 100), na jambo lililotazamwa kidogo zaidi, ikamtwisha mhamiaji mwenyewe kiapo. Sasa alijaza maombi katika nakala mbili, akalipa dola 1 kwa maombi na dola 9 kwa viza, akataja kazi yake, wazazi wake, alama za mwili wake, mahali alipoishi katika miaka 5 iliyopita, kama yeye au mzazi wake amewahi kutunzwa katika hospitali ya wendawazimu, kisha akaapa mbele ya konseli kwamba yote ni kweli. Sheria hiyo hiyo ilisema ni juu yake kuthibitisha kwamba anastahili. Tangu siku hiyo jibu la fomu likawa mali ya mwombaji, nalo humfuata popote aendapo.

Nguvu ya kiapo hicho ilionekana wazi katika kesi ya Feodor Fedorenko, aliyekuwa mlinzi wa kambi ya maangamizi ya Wanazi huko Treblinka. Mwaka 1949, akiomba viza kama mkimbizi wa vita, alieleza kwamba alikuwa mkulima Sarny, Poland, mpaka 1942, kisha akapelekwa kufanya kazi kiwandani Ujerumani. Akapata uraia mwaka 1970. Marekani haikuwa na mamlaka ya kumshitaki kwa yaliyotendeka Poland, lakini ilikuwa na karatasi yake. Mahakama ya Juu ilimvua uraia mwaka 1981 kwa kuwa aliupata kinyume cha sheria. Akapelekwa Umoja wa Kisovieti na kuuawa huko kwa hukumu mwaka 1987. Jambo kama hilo limegusa eneo letu pia. Beatrice Munyenyezi, Mnyarwanda aliyekuwa raia wa Marekani, alitiwa hatiani New Hampshire mwaka 2013 kwa kuficha kwenye maombi yake ya uraia habari za ushiriki wake katika mauaji ya kimbari ya 1994, akahukumiwa kifungo cha miaka 10, akarudishwa Rwanda mwaka 2021.

Hizi ndizo hoja nzito kabisa za watetezi wa fomu. Watasema: mnayaita maswali ya kijinga, lakini bila hayo wauaji wangezeekea Marekani kwa amani. Sipingi kwamba nchi ina haki ya kuuliza nani anabisha hodi. Ila ziangalie kesi zenyewe kwa karibu. Kilichomnasa Fedorenko ni swali lililo wazi kuliko yote: ulikuwa wapi na ulifanya kazi gani wakati wa vita? Mkulima angeweza kulijibu, na mwongo ilimbidi atunge maisha mapya yanayoweza kukaguliwa. Hata swali juu ya mateso ya Wanazi, lililotokana na sheria ya mwaka 1978, lina mipaka ya tarehe: kuanzia 23 Machi 1933 hadi 8 Mei 1945. Maswali ya kupima tendo na wakati humshika mwongo. Yale ya kumtaka mtu ajipachike jina la kisheria, kwamba ni gaidi, ni mfuasi wa uimla, ni mhalifu, humshika zaidi asiyejua jina hilo limekatwa kwa vipimo gani.

Mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa Angel Island, kituo cha San Francisco kilichofunguliwa mwaka 1910, na jibu hilo lina uzito. Huko Wachina waliulizwa maswali yaliyo wazi kabisa: nyumba yenu ina ngazi ngapi, pipa la mchele hukaa wapi, jirani wa safu ya tatu ana watoto wangapi. Tetemeko na moto wa mwaka 1906 vilikuwa vimeteketeza kumbukumbu za vizazi za mji, na watu wengi waliingia kwa ubaba wa kwenye makaratasi. Maafisa wakatunga mamia ya maswali. Waombaji wakakariri vitabu vya majibu melini na kuvitupa baharini kabla ya kushuka. Ndugu wa kweli walishindwa kwa sababu mmoja alihesabu dirisha ambalo mwenzake alilisahau, na ndugu wa bandia wakapita kwa kuwa walikariri kitabu kimoja. Nakiri basi kwamba uwazi wa swali hautoshi. Lazima pia liwe na uzito kwa jambo linaloamuliwa. Ngazi za nyumba hazikuwa na uzito wowote isipokuwa kama mtego, na ndiyo maana nasema Angel Island na fomu ya leo zina ugonjwa mmoja ingawa dalili zimetofautiana.

Dalili za leo zilianza na vita baridi. Sheria ya mwaka 1952, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais Truman, ilikusanya hofu zote za nyuma na kuuweka ukomunisti juu yake. Hapa ndipo Waafrika wa kizazi cha chama kimoja huduwaa. Mkongo aliyekulia Zaire anaulizwa kuhusu uanachama katika chama cha kiimla. Katiba ya Zaire ilivyorekebishwa mwaka 1974 ilimhesabu kila raia kuwa mwanachama wa MPR, chama cha Mobutu. Kadi haikuombwa, ilikujia. Ajibu nini? Fomu iko kimya. Lakini sheria ina majibu mawili. La kwanza, kwa fasili yake chama cha kiimla ni kile kinachopigania udikteta wa aina hiyo uanzishwe Marekani kwenyewe, jambo ambalo MPR haikulitaka. La pili, imewasamehe waliokuwa wanachama bila hiari, au wakiwa chini ya miaka 16, au kwa nguvu ya sheria, au ili wapate kazi na chakula cha mgao. Msamaha huo ni mpana na wa kibinadamu. Ungeingia kwenye fomu kwa mistari miwili. Badala yake kuna vitufe vya ndiyo na hapana, na kisanduku cha maelezo kinachotokea ukibonyeza ndiyo tu.

Baada ya Septemba 2001 likaja swali la msaada wa hali na mali kwa magaidi, na sheria ikalitandaza kundi la kigaidi mpaka kwa watu wawili tu wenye silaha, wawe wamejipanga au la. Mwanakijiji wa Kivu aliyetoa gunia la mahindi kwa waliomwelekezea bunduki anajiona mwathirika, na yeyote mwenye akili angemwona hivyo, lakini sheria kwa maandishi yake haikumtofautisha na mfadhili. Ilibidi vibali maalumu vya msamaha vitafutwe. Sheria ilikuwa pana kiasi kwamba viongozi wa ANC, akiwemo Nelson Mandela, walihitaji kibali hicho kuingia Marekani, mpaka Bunge liliporekebisha mambo mwaka 2008. Mandela alikuwa na wa kumsemea.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni rahisi: asiyeelewa aulize wakili au ubalozi. Ushauri huo unamfaa mwenye kampuni inayomhamisha. Mshindi wa bahati nasibu ya viza, mpango uliotokana na sheria ya mwaka 1990, anakabiliwa na ada ya mahojiano ya dola 330 kwa kila mtu wa familia, hairudishwi, kabla ya vipimo vya daktari na nauli. Wengi hujaziwa fomu steshenari au kwenye intaneti kafe, na kijana wa pale hushuka ukurasa wa usalama akibonyeza hapana, hapana, hapana, maana ndivyo alivyofanya kwa mteja aliyepita na viza ikatoka. Mwenye jina huitia saini fomu hiyo. Anwani za tangu miaka 16 hubuniwa, kwa kuwa mtaa haukuwa na jina na kilichojulikana ni S.L.P. ya shule au ya misheni. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na tayari kiapo kina nyufa kadhaa.

Mahakama ya Juu ilikutana na ufa wa namna hiyo mwaka 2017, katika kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi wa Bosnia aliyeficha kwamba mumewe alitumikia jeshi la Waserbia wa Bosnia. Serikali ilidai kwamba uongo wowote katika maombi ya uraia, hata usio na uzito, unatosha kumvua mtu uraia. Jaji Mkuu John Roberts akatoa mfano wake mwenyewe: zamani aliendesha gari maili 60 kwa saa penye kikomo cha 55, hakukamatwa. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo. Je, angepaswa kulitaja? Wakili wa serikali alijibu kwamba ndiyo. Majaji waliikataa hoja ya serikali wote kwa pamoja, wakasema uongo uwe umechangia mtu kupata uraia ndipo umponze.

Hukumu hiyo iliwakinga waliokwisha kuwa raia. Mwombaji aliye kwenye dirisha la ubalozi Nairobi au Dar es Salaam haimfikii. Mwaka 1972, katika kesi iliyohusu kunyimwa viza kwa mwandishi Mbelgiji wa siasa za Kimarx, Ernest Mandel, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba serikali ikitoa sababu inayoonekana kuwa ya haki, majaji hawatachungulia nyuma yake, na mpaka leo uamuzi wa konseli kwa kawaida hauna rufaa mahakamani. Afisa akiridhika kwamba jibu lilikuwa uongo wenye uzito, mwombaji hufungiwa mlango maisha, isipokuwa apate msamaha ambao sheria imeubana kwa wachache wenye mume, mke au mzazi kule. Tangu mwaka 2019 fomu imeongeza swali jipya: majina yote uliyotumia kwenye mitandao ya kijamii katika miaka 5 iliyopita, pamoja na akaunti ambazo mwenyewe umekwisha kuzisahau.